Choo kigumu wakati wa mimba: usitupe vidonge vya damu

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mweka hazina aliniuliza asubuhi nitazungumza juu ya nini. Nilipomwambia ni juu ya choo, alicheka akafunika mdomo. Naona hata hapa wengine mnacheka. Chekeni tu. Lakini mkimaliza kucheka mnisikilize, kwa sababu jambo hili la kuona haya limewahi kunipa hofu kuliko magonjwa mengi yenye majina makubwa.

Nitaanza na makosa yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mama mmoja katika kliniki ya waja wazito. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Kila mwezi alikuja bila kukosa, nikampima, nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwuliza, "Unameza?" Naye akajibu, "Ndio sista." Nikaandika kwenye kijitabu kwamba anameza. Mwezi wa nane niliona viganja vyake vimekuwa vyeupe kama unga. Tukapima damu, ikawa chini kabisa ya ile 11 ambayo mama mja mzito anatakiwa kuwa nayo. Nikamtembelea nyumbani. Mama mkwe wake, bila kujua anachofanya, akanitolea kopo la majani ya chai lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vidonge vyangu vyote. Hakuwa amevitupa, maskini, alisema ni dhambi kutupa dawa.

Nikamwuliza kwa nini. Aliangalia chini, akasema, "Sista, nikivimeza siendi choo siku nne. Nikienda nalia."

Basi, mimi muuguzi nilikuwa nimeuliza swali moja tu miezi yote hiyo, na lilikuwa swali baya. Sikuwahi kumwuliza choo chake kikoje. Naye angeanzaje kuniambia, na foleni ya watu ishirini iko mlangoni ikisikiliza? Alijifungua hospitalini, mbali na hapa. Akatokwa na damu ambayo mama mwenye damu ya kutosha angeistahimili, lakini yeye hakuweza. Watu wa ukoo waliitwa usiku kutoa damu. Alipona, na mtoto akapona. Tangu siku hiyo kila mja mzito anayeketi mbele yangu namwuliza kuhusu choo, awe mke wa mwalimu au wa nani.

Sasa tuelewane. Kufunga choo si kukosa kwenda siku moja. Kuna mtu ambaye tumbo lake limezoea kila siku, na mwingine kila baada ya siku mbili, na wote ni wazima. Tunasema choo kimefunga wakati mtu anaenda chini ya mara tatu kwa wiki, au anaenda lakini choo ni kigumu kama cha mbuzi, anakaza mpaka jasho linatoka, na akimaliza bado anahisi hajamaliza.

Kwa nini mimba inaleta hivyo? Mwili wa mama mja mzito unatoa kichocheo kiitwacho projesteroni. Kazi yake moja ni kulegeza misuli ya mfuko wa uzazi, ili usiminye mtoto akatoka kabla ya wakati. Ni kazi nzuri. Lakini kichocheo hicho hakichagui. Kinalegeza na misuli ya matumbo pia. Matumbo yakilegea, chakula kinatembea polepole, na kikikaa sana mwili unaendelea kukinyonya maji. Mnajua ugali ukiachwa kwenye sufuria juu ya jiko hata baada ya kuiva, unavyokauka ukashika chini? Ni hivyo hivyo. Halafu miezi ya mwisho mtoto mwenyewe anakalia utumbo. Juu ya hayo yote tunaongeza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo hukaza choo cha wanawake wengi. Kwa hivyo ukifunga choo ukiwa na mimba, hujarogwa wala huli vibaya peke yako.

Lakini vidonge hivyo havina mbadala wa rahisi. Kile tunachotoa kliniki, kimoja kila siku, kina chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400. Damu ya mama inaongezeka sana wakati wa mimba, na mtoto naye anachukua chuma chake kutoka kwa mama. Mboga ni nzuri, maharagwe ni mazuri, lakini ni vigumu kuipata chuma hiyo yote kwenye sahani zetu. Ndiyo maana nasema, rekebisha choo, usiache kidonge. Kama unashindwa kabisa, rudi kliniki useme. Tunaweza kubadilisha saa ya kumeza, au mhudumu akaangalia aina nyingine. Usijipunguzie mwenyewe, na ukisahau leo usimeze viwili kesho.

Meza jioni ukienda kulala, na kipande cha chungwa au pera au maji ya ndimu, kwa maana matunda hayo yanasaidia chuma kuingia mwilini. Kama kinakuchafua tumbo, meza baada ya kula kidogo. Kitu cha kuepuka ni kumeza na chai ya majani. Chai inashika chuma kabla haijaingia. Najua kuwaambia Wakenya waache chai ni kazi bure, hata mimi siwezi, kwa hivyo nasema tu chai ikae mbali na kidonge na mbali na chakula, kama saa moja au zaidi. Na usishtuke choo kikiwa cheusi. Hiyo ni chuma iliyobaki. Ila kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, kinanuka vibaya, na unasikia kizunguzungu, njoo mara moja.

Haya, tuje kwenye kurekebisha. Dawa ya kwanza ni maji, na hapa nataka akina baba wafungue masikio.

Nikiwaambia akina mama wanywe maji mengi, wote wananijibu ndio. Halafu nawafuata nyumbani. Mja mzito amechota mtungi wa lita 20, ameubeba kilomita mbili. Maji hayo ni ya kupika, ya kuosha watoto, ya ng'ombe mdogo, ya baba kuoga. Yeye mwenyewe anakunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na kingine usiku, kwa sababu kila kikombe cha maji anakiona ni hatua alizotembea. Halafu tunashangaa choo kimekauka! Mja mzito anahitaji kama lita mbili au zaidi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au akiwa shambani. Chukua kile kikombe cha nusu lita: vinne au vitano kwa siku, vikigawanywa tangu asubuhi hadi jioni. Uji mwepesi unahesabika, supu inahesabika. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, kwa maana kuharisha si njia ya kutibu choo kigumu.

Kikundi kimoja nilichotembelea walikubaliana hivi: kila mwanachama akifika mwezi wa sita wa mimba, wenzake wanampelekea mtungi mmoja kwa siku, kwa zamu, mpaka mtoto afikishe wiki sita. Hawakuandika barua kwa mfadhili yeyote. Walipanga zamu kama wanavyopanga ya merry-go-round, na katibu akaandika kwenye daftari lile lile. Mume mmoja aliona aibu majirani wakimletea mkewe maji, akanunua mkokoteni. Tukawa tumepata faida mbili.

Dawa ya pili ni chakula chenye makapi. Nyanya zetu hapo mbele wataniunga mkono. Zamani tulikula githeri, mtama, wimbi, mboga za kunde, terere, managu, viazi vitamu, na hatukusikia sana habari hizi za kufunga choo. Siku hizi unga ni ule mweupe laini wa pakiti, mkate mweupe na chai. Unga mweupe umeondolewa ganda, na ganda ndilo linalofagia tumbo. Peleka mahindi yako posho mill, yasagwe yote bila kukobolewa. Ni rahisi na yana nguvu zaidi. Maharagwe, ndengu, pojo na mbaazi, mara nyingi uwezavyo. Mboga za majani kila siku, zisichemshwe mpaka zikawa matope. Papai lililoiva, embe, machungwa pamoja na nyama yake nyeupe ndani, si maji yake peke yake.

Kuhusu papai, najua kuna wanaosema linatoa mimba. Papai lililoiva vizuri halina shida. Lile bichi lenye utomvu mweupe ndilo uliache.

Onyo dogo: usianze vyote siku moja. Mama mmoja alinisikia, akaenda akala maharagwe asubuhi, mchana na jioni, akarudi kunilaumu kwamba tumbo limejaa hewa kama mpira. Ongeza polepole kwa wiki moja au mbili, na maji yaongezeke pamoja. Makapi bila maji yanaziba zaidi. Kama chakula peke yake hakijasaidia, pumba za ngano zinaweza kuongezwa, kijiko kimoja au viwili kwenye uji. Shirika la Afya Duniani lilizitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu huduma za waja wazito, na ni kitu cha bei ndogo.

Tatu ni kutembea kidogo na kutozuia choo. Tumbo huamka baada ya chakula cha asubuhi. Kunywa kitu cha moto, subiri kama nusu saa, uende hata kama huna haraka sana. Lakini nauliza, uende wapi? Wengi wenu mnangoja giza kwa sababu choo hakina mlango, au kiko karibu na njia, au mnashiriki boma na wakwe na hamtaki kuonekana mkipita mbele ya baba mkwe. Choo kikizuiwa leo, kesho ni kigumu zaidi, na kesho kutwa ni mawe. Mlango wa mabati na bawaba mbili si mradi wa kungojea serikali. Tena, mkiwa huko chooni, chimbieni mti mmoja imara wa kushikilia, ndani, karibu na shimo. Mja mzito wa miezi minane akichuchumaa bila kitu cha kushika, magoti yanatetemeka, anaogopa kuanguka, anainuka kabla hajamaliza. Mti mmoja tu! Vijana wa kikundi wanaweza kuzunguka boma kumi kwa siku moja.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mtakasirika. Odowa.

Naomba msifiche mikoba. Najua iko humo. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya kwanza niliitafuna, kwa hivyo sizungumzi kama malaika. Lakini yale mawe laini na udongo vinakaza choo, na vinazuia chuma kuingia mwilini, maana yake unameza kidonge jioni na unakizuia mchana. Udongo mwingine una mayai ya minyoo au madini yenye sumu kama risasi. Watafiti waliowauliza waja wazito 275 huko Kilifi, na matokeo yakatolewa mwaka 1998, walikuta zaidi ya nusu yao wanakula udongo, na wale wanaokula walikuwa na damu pungufu kuliko wasiokula. Hamu hiyo mara nyingi yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua. Kwa hivyo ukiona unaamka usiku kutafuta odowa, usijione mjinga, njoo upimwe damu. Na dawa ya minyoo utapewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Hatari zaidi ni zile dawa za kufungua tumbo kwa nguvu. Chumvi ya haluli. Mafuta ya mbarika. Shubiri. Mizizi iliyochemshwa, ambayo hata aliyekuuzia hajui kiasi. Hizi chai za kupunguza tumbo zinazouzwa sokoni siku hizi, nyingi zina majani ya sanamaki ndani, soma karatasi. Vitu hivi vinavuta maji kutoka mwilini au vinachapa utumbo mpaka unaruka. Mama anaharisha, anapungukiwa maji, anaishiwa nguvu, na mafuta ya mbarika yanaweza kuamsha maumivu ya mfuko wa uzazi. Nyanya, najua mliyatumia na mkazaa. Wengi walizaa salama, ndiyo. Wale ambao hawakuzaa salama hawako hapa kutuhadithia.

Na kupigwa bomba la maji ya sabuni, acheni. Zamani hata hospitalini tulifanya hivyo kwa kila aliyekuja kujifungua, na mimi nilifundishwa hivyo chuoni. Ilionekana haina faida, ikaachwa. Sabuni inachubua utumbo.

Kama maji, chakula na kutembea vimeshindwa kwa wiki moja au mbili, ziko dawa salama. Ya kawaida ni ile maji matamu iitwayo laktulosi, haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inachukua siku mbili hivi, kwa hivyo usiongeze kipimo kwa kukosa subira. Nyingine mhudumu anaweza kukupa kwa siku chache akijua umri wa mimba. Ukienda duka la dawa, jambo la kwanza kutamka ni, "Nina mimba." Hata kama haijaonekana. Mafuta ya parafini ya kunywa, yasiyo ya taa lakini yenye jina linalofanana, usikubali, kwani yanazuia vitamini.

Bawasiri nitapita haraka. Ukikaza sana, mishipa ya njia ya haja inavimba, inatoka kama punje ya maharagwe, inawasha, na pengine damu nyekundu kidogo. Kaa kwenye karai la maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku, jisafishe kwa maji badala ya karatasi ngumu au gunzi, na ulainishe choo. Nyingi hurudi zenyewe baada ya kuzaa. Lakini damu yoyote ionwe na mhudumu mara moja, usiamue mwenyewe kwamba ni bawasiri.

Sasa jambo la mwisho, na hili mkalifikishe kwa wasiokuja leo. Si kila tumbo la mja mzito linalouma ni choo. Maumivu yanayokuja na kuondoka, yanayorudi kwa mpango, ni uchungu, hata kama ni mwezi wa saba. Maumivu yasiyoachilia, kutapika, tumbo kujaa bila hata hewa kutoka, homa, maji au damu kutoka njia ya uzazi, kichwa kuuma sana na macho kuona giza: hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kunywa papai. Na kichwa cha mtoto kikishuka, kinakandamiza utumbo, na mama anasikia haja kubwa ya haraka sana. Anasema, "Nimefunga siku tatu, afadhali leo kimekuja," anaenda chooni peke yake usiku. Kumbe ni mtoto. Mnajua watoto waliozaliwa kwenye shimo, hatuna haja ya kutaja vijiji. Kwa hivyo wiki za mwisho, mama akisikia haja ya ghafla yenye kusukuma, hasa kama tumbo limekuwa likikaza, asiende kwenye choo cha shimo. Aite mtu, atumie ndoo ndani, na mtu aangalie. Mama mkwe, ukisikia mkaza mwana akiamka usiku mara ya tatu kwenda choo, amka na wewe.

Yule mama wa nyuma ameinua mkono. Anauliza juu ya choo cha kwanza baada ya kuzaa, kwamba wengine wanaogopa nyuzi zitakatika. Ni swali zuri. Nyuzi hazikatiki kwa choo laini. Zinauma kwa choo kigumu kinachotokana na kuogopa na kuzuia. Maji yale yale, uji, mboga, papai, na anayenyonyesha aongeze kikombe kila anaponyonyesha. Ukienda, shika kitambaa safi mahali pa nyuzi kwa mkono, utasikia nafuu. Na vidonge vya damu vinaendelea baada ya kuzaa kwa muda utakaoambiwa kliniki, usiviache kwa sababu mtoto ametoka.

Mimi niko hapa chini ya mwembe hadi saa tisa. Mwenye kijitabu cha kliniki aje nacho. Na mwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati aje nalo pia, tutahesabu pamoja na hakuna atakayegombezwa.